Kingi, Kaisari na pesa ya sanda

Kuna mchezo mmoja ambao kila nikijaribu kumweleza mtu hapa Mtwara ananitazama kama vile jua la Shangani limenipanda kichwani. Mchezo wenyewe uko hivi. Watu watano au sita, wazima kabisa, wenye kazi na watoto, wanakaa mezani (siku hizi kila mmoja yuko kwake, wanaonana kwa kompyuta) na kila mmoja anajifanya ni mtu mwingine. Huyu ni mganga, huyu ni mwizi, huyu ni mbilikimo mwenye shoka. Mmoja wao ndiye msimuliaji. Anawaambia: mmefika pangoni, ndani kuna joka, mnafanyaje? Wanajibu, wanarusha dadu lenye pande 20, na dadu ndilo linaloamua kama shoka limempata joka au limemwangukia mwenyewe mguuni. Hakuna goli, hakuna kombe. Hadithi moja inaweza kuchukua miaka mitatu.

Sasa hapo bado. Wengine wanaurusha mchezo huo moja kwa moja mtandaoni, na watazamaji wanachanga pesa kwa ajili ya hospitali ya watoto au watu waliokumbwa na mafuriko. Ukitoa dola tano, tuseme, shujaa unayempenda anaruhusiwa kurusha dadu mara ya pili. Ukitoa hamsini, unamwongezea msimuliaji zimwi la kuwasumbua wenzake. Zimwi ni la uongo, pesa ni ya kweli.

Mchezo uliofungua njia, Dungeons & Dragons, ulitoka Marekani mwaka 1974, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson. Kwa miaka mingi ulikuwa wa vijana wachache waliokuwa wakichekwa shuleni. Mambo ya kuchangisha yalikuja baadaye na yalianzia kwa wacheza michezo ya kompyuta: mwaka 2003 wachora katuni wa Penny Arcade walianzisha mfuko wa Child's Play wa kuwanunulia vitu vya kuchezea watoto waliolazwa hospitalini, mwaka 2007 wachekeshaji wa Kanada wakaanza kuendesha basi la kwenye kompyuta katika jangwa lisilo na kitu, saa nenda saa rudi, ilimradi watu wanachangia mfuko huo huo, mwaka 2008 ikaja Extra Life. Wacheza majoka nao wakaingia, na korona ilipowafungia watu ndani mwaka 2020, meza nyingi zilihamia mtandaoni.

Jibu ninalolipata nikimaliza kueleza ni lile lile. "Hao hawana kazi." Au: "Watu wazima wanajiita wafalme ili wamsaidie mgonjwa? Si watoe tu hizo hela?"

Swali zuri hilo, na nalipenda, maana linatuhusu kuliko tunavyodhani. Pwani hii hii, kuanzia Lamu mpaka huku kwetu kusini, watu wazima walijiita Kingi, Kaisari, Gavana, Jenerali, Daktari na Ledi, wakapangana kwa vyeo, wakashona sare, wakapigana vita vya bandia barabarani mchana kweupe, na katika mfuko huo huo wa mchezo wakatoa sanda ya mwenzao aliyekufa ugenini. Mchezo wao uliitwa beni.

Kwa wale ambao jina hilo ni geni: beni ni neno la Kiingereza la bendi ya kijeshi lililopata uraia wa Kiswahili. Ngoma hii ilianza miaka ya 1890 katika miji ya pwani ya Kenya, Lamu, Malindi na Mombasa, mahali ambapo mitaa ilikuwa na ushindani wa ngoma tangu zamani. Vijana waliona bendi za meli za kivita na za askari, wakazichukua wakazifanya zao. Mombasa kulikuwa na Kingi na Skochi. Ilipofika upande wetu, ambao wakati huo ulikuwa wa Mjerumani, zikaota timu mbili kubwa, Marini na Arinoti. Marini ni jeshi la majini, hilo halina utata. Arinoti limewachosha wataalamu. Wako wanaosema ni jina la askari wa Kialbania wa zama za Waturuki, wako wanaosema ni Kiingereza kilichopinda chenye maana ya watu wasio na kitu. Mimi hilo la pili nalipenda hata kama si kweli, maana ndivyo walivyokuwa. Marini walikuwa vijana wa mjini, makarani na watu waliojiona wastaarabu. Arinoti walikuwa wa kuja, vibarua na wapagazi, watu ambao Marini waliwaona washamba.

Mtu aliyeiandika habari hii kwa upana kuliko wote ni Terence Ranger, profesa wa historia aliyefukuzwa Rhodesia mwaka 1963 akaja kufundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kitabu chake kuhusu beni kilitoka mwaka 1975. Mwenzake wa hapo hapo chuoni, John Iliffe, naye aliipa beni nafasi ya heshima katika historia yake ya Tanganyika ya mwaka 1979. Nawataja kwa sababu bila wao tungebaki na mafaili ya mabwana shauri tu, na bwana shauri aliiona beni kwa macho mawili: jicho moja la kicheko, jingine la hofu.

Tuanze na vyeo, maana hapo ndipo watu wanapokwama. Kwa nini mpagazi ajiite Kaisari?

Ili uelewe inabidi urudi nyuma kidogo ya beni. Katika miji ya zamani ya Waswahili, cheo hakikuwa kitu cha kuzaliwa nacho tu. Kilikuwa na ada. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, katika Desturi za Wasuaheli kilichochapwa Ujerumani mwaka 1903 na Carl Velten, ameeleza jinsi mtu anayetaka ujumbe anavyotakiwa kutoa: fedha kwa wenye vyeo vyao, nguo, na karamu. Yaani unalisha watu ndipo wanakuita mkubwa. Mwanahistoria Jonathon Glassman amechambua mambo haya kwa miji ya kaskazini kama Pangani katika miaka ya kabla ya Mjerumani, na anachoonyesha ni kwamba karamu na ngoma vilikuwa uwanja wa kupigania hadhi. Mtumwa na mtu wa bara walikuwa wanaingia ngomani kwa nguvu, wanataka nao wahesabiwe kuwa watu wa mji. Wenye mji wanawazuia.

Mikindani ulikuwa mji wa namna hiyo. Ukitembea leo pale ukaangalia milango na magofu ya nyumba za mawe, kumbuka kwamba ulikuwa mji wa biashara wenye bandari nzuri, na kati ya bidhaa zilizopita pale walikuwamo binadamu. David Livingstone alipita hapo mwaka 1866 akielekea bara katika safari yake ya mwisho, na Wajerumani walijenga boma lao pale mwaka 1895. Watu wa mji kama huo walikuwa na ngazi, na ngazi ilikuwa na watu waliosimama chini kabisa: waliotoka ng'ambo ya Ruvuma, waliotoka Ziwa Nyasa, wajukuu wa watumwa. Wewe umezaliwa chini ya ngazi, ada ya ujumbe huna, na hata ukiwa nayo hawakupi. Unafanyaje?

Unatengeneza ngazi yako. Hiyo ndiyo beni. Unaanzisha dola la kufikirika lenye Kingi juu kabisa, chini yake majenerali, chini yao makapteni, na daktari, na karani, na mlinzi wa mlango. Na kwa vile waliokuwa na nguvu mpya nchini hawakuwa tena majumbe bali Wazungu, ukachukua majina ya nguvu hiyo mpya. Wazee wa mji walikuwa na ujumbe wao, vijana wakawa na Kaisari wao. Nani mkubwa hapo? Wasomaji mlioko kwenye siasa mnajua jibu.

Isitoshe, vyeo hivi vilikuwa na kazi. Kila mtu alijua nafasi yake siku ya ngoma: nani anaongoza kikosi, nani anapokea wageni, nani anakagua kola na viatu, nani anatoza faini aliyechelewa. Ngoma yenyewe ilikuwa gwaride, watu wanakwenda kwa mistari na fimbo mkononi, ngoma kubwa mbele, na wasio na tarumbeta walitumia vibuyu vilivyotengenezwa mpaka vikalia kama tarumbeta. Wanawake walikuwamo na vyeo vyao. Mashairi ya kuwatukana wapinzani yalitungwa mapema yakawekwa siri. Timu moja ikichinja mbuzi, nyingine inachinja ng'ombe.

Na hapo nisiwafiche, kulikuwa na upande mbaya. Ushindani wa karamu kwenye pwani hii umefilisi watu. Mombasa na Lamu wapo matajiri waliotapanya mali kwa ajili ya kuishinda timu ya mtaa wa pili, na waliobaki na deni kwa mkopeshaji huku wapinzani wakiwaimba. Mabwana shauri walipoandika kwamba beni ni upotevu wa pesa hawakuwa wameota. Ila walichokiona ni kile kilichofanyika barabarani Jumamosi. Kilichofanyika Jumatatu hawakukiona.

Jumatatu kulikuwa na mfuko. Wanachama walilipa kiingilio na michango, na faini za gwarideni ziliingia humo humo. Mfuko ulimuuguza mwanachama mgonjwa, ulimpa nauli aliyekwama, ulimpokea mgeni kutoka tawi la mji mwingine, na zaidi ya yote ulizika. Hili la kuzika tusilipite haraka. Mtu wa kwao akifa kwao, kazi inajipanga yenyewe: ndugu wanaosha, wajukuu wanachimba, watani wanakuja kufanya fujo zao na kuchota chakula. Mtu wa Songea akifia kwenye mkonge wa Lindi, au Mmakua wa ng'ambo akifia kwenye kambi ya wabeba mizigo Mikindani, nani anatoa sanda? Nani analala matanga? Mtani wake unaweza kumpata ukibahatika. Ndugu hayupo. Lakini kama marehemu alikuwa kapteni wa Arinoti, basi kikosi chake kipo, na kikosi hakiwezi kukubali Marini waseme kapteni wa Arinoti alizikwa kama mbwa.

Umeiona mashine inavyofanya kazi? Ushindani wa bandia ndio uliomhakikishia mtu maziko ya kweli. Ukimwambia mtu "mchangie yule kibarua usiyemjua," atakuambia mwezi haujaisha. Ukimwambia "jeshi letu litaaibika," anatoa. Huyo mtazamaji wa Texas anayetoa dola tano ili mbilikimo arushe dadu tena, naye hajaombwa amwonee mtoto huruma. Ameombwa awe upande wa mbilikimo.

Halafu ikaja vita, na vita ya kwanza ya dunia kwa watu wa kusini haikuwa habari ya kwenye vitabu. Waingereza waliichukua Mikindani mwaka 1916. Oktoba 1917 huko Mahiwa, bara ya Lindi, yalipigwa mapigano ambayo ni kati ya makali kuliko yote yaliyopigwa Afrika Mashariki katika vita ile, na mwezi uliofuata, tarehe 25 Novemba, von Lettow-Vorbeck akavuka Ruvuma hapo Ngomano kuingia kwa Wareno. Nyuma yake na nyuma ya Waingereza waliomfukuza walikwenda wapagazi kwa maelfu ya maelfu, wengi wao kwa kushikwa, wakifa kwa kuhara, njaa na uchovu kuliko kwa risasi. Chakula cha vijiji kilibebwa na majeshi yote mawili. Baada ya hapo ikaja homa kubwa ya 1918.

Katika makambi hayo ndimo beni ilimoenea kama moto wa nyika. Askari wa Mjerumani na wa Mwingereza waliopigana mchana walikuwa wanacheza ngoma moja. Vita ilipokwisha wakarudi nayo makwao: Tabora, Ujiji, Nyasaland ambako ilipata majina ya mganda na malipenga, Rhodesia ya Kaskazini ambako iliitwa mbeni. Ghafla kukawa na kitu ambacho hakikuwahi kuwepo: mtandao wa matawi uliovuka makabila, dini na mipaka ya wakoloni, wenye makatibu waliokuwa wakiandikiana barua kwa Kiswahili wakijitambulisha kwa vyeo. Mtu anatoka Ziwa Tanganyika anafika Lindi hajui mtu, anauliza wenzake wako wapi, anasalimia kwa saluti, na usiku huo ana pa kulala.

Barua hizo zilipoangukia mikononi mwa maafisa wa Kiingereza katika miaka ile ya mwisho wa vita, walishtuka. Kingi? Kaisari? Majenerali wanaandikiana kuvuka mipaka? Wakaanza kutafuta njama ya Wajerumani, ya Waislamu, ya sijui nani. Wareno wa ng'ambo ya Ruvuma nao hawakulala. Walipochimba walikuta kiasi gani kilitumika kwenye sukari na nani anadaiwa kiingilio. Wengi walihitimisha kwamba ni ngoma tu, wakaishia kudai vibali na kuwabana watumishi wa serikali.

Kwa maoni yangu walikosea mara zote mbili. Haikuwa njama, na haikuwa "ngoma tu." Watu wasio na haki ya kuongoza chochote walikuwa wanajifunza kuongoza: kuweka daftari la fedha, kuitisha kikao, kuchagua viongozi, kumwajibisha mweka hazina. Mwaka 1935 wachimba shaba wa Rhodesia ya Kaskazini walipogoma na sita wakauawa kwa risasi Luanshya, tume ya uchunguzi ilitumia muda wake kuwahoji watu kuhusu mbeni. Ilikuwa wazi kwamba mgomo ulihitaji watu wanaojua kupeleka ujumbe kambi hadi kambi, na watu wa namna hiyo walikuwa wanacheza pamoja kila Jumapili.

Makarani wa Tanganyika, wale ambao ndio walikuwa damu ya Marini, walianza kuona haya. Mwaka 1922 Martin Kayamba na wenzake walianzisha Tanga chama cha watumishi Waafrika wa serikali, chenye magazeti ya kusoma na mpira wa miguu, na mwaka 1929 ukaja Umoja wa Waafrika wa Tanganyika, African Association, ambao ndio bibi yake TANU. Tunapenda kusimulia historia ya uhuru kuanzia hapo, kwenye tai na mashine ya kuchapa. Ngoma tunaiacha nje kwa sababu inatuaibisha kidogo. Lakini TANU yenyewe ilipowataka wanawake mwaka 1955, haikuwapata kwa kupitia tai. Iliwapata kwa kupitia Bibi Titi Mohamed, mwimbaji wa kikundi cha lelemama cha Bomba pale Dar es Salaam, aliyekwenda kwa viongozi wa vikundi vya ngoma kimoja baada ya kingine. Kiongozi wa ngoma akikubali, wanachama wake wote wanakuja, na mfuko wao unakuja.

Na huko Mombasa, vikundi vya lelemama vya Ibinaal Watan na Banu Saada, ambavyo navyo vilikuwa na vyeo vya kuigiza na ushindani wa kufa mtu, vimeandikwa na Margaret Strobel. Mwishoni mwa miaka ya 1950 ushindani huo wa wanawake ulihamia kwenye vyama viwili vya wanawake Waislamu vilivyohangaikia elimu. Kutoka kushindana nani ana maandamano mazuri hadi kushindana nani anasomesha mabinti, hatua ni moja tu.

Kusini kwetu mambo yalichukua njia yake. Mtwara mnayoijua haikuwepo. Ililetwa na mpango wa karanga wa Waingereza ulioanza mwaka 1947, ukafutwa mwaka 1951 baada ya kula karibu pauni milioni 36. Mabaki yake ni bandari iliyofunguliwa 1954, mitaa mipana isiyo na watu wa kuijaza, na tuta la reli ya Nachingwea iliyong'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Lakini kazi ilileta watu, na wengi wao walikuwa Wamakonde waliokuja kutoka ng'ambo kukimbia kazi za shuruti za Mreno. Hao hawakuhitaji kufundishwa kuigiza. Wana mapiko, ngoma ya vinyago ambayo mchezaji aliyevaa kinyago si mtu tena bali ni kitu kilichotoka kusikojulikana, na kila aliyeko uwanjani anajifanya kuamini hivyo, hata yule anayezitambua nyayo za binamu yake. Vijiji vilishindana kwa mapiko, na wachongaji hawakuogopa kumchonga hata Mzungu.

Wakiwa huku Tanganyika, na Zanzibar, na Kenya, watu hao walijiunga katika vyama vya kusaidiana. Ngoma, ugonjwa, maziko, mambo ni yale yale. Tarehe 16 Juni 1960 Wareno walifyatulia watu risasi Mueda, kwenye uwanda ule wa Wamakonde wa ng'ambo. Mwaka uliofuata vyama hivyo, kikiwamo kile cha Wamakonde wa Msumbiji, vilizaa MANU, na tarehe 25 Juni 1962 MANU ikaungana na vyama vingine viwili kuunda FRELIMO pale Dar es Salaam. Eduardo Mondlane mwenyewe ameandika kwamba MANU ilitokana na vikundi vidogo vya namna hii vya Wamsumbiji waliokuwa wakifanya kazi Tanganyika na Kenya. Mfuko wa sanda ukawa mfuko wa ukombozi.

Sasa nirudi kwenye lile swali: si watoe tu hizo hela?

Nadhani watu hutoa kwa urahisi zaidi pale wanapokuwa wamekaa pamoja kwa muda mrefu wakifanya kitu kisicho na faida. Kikao cha harambee kinakuweka mbele ya watu, unasoma kadi, unatoa kwa kuogopa jina lako lisikosekane kwenye orodha. Mchezo unakuweka ndani ya kikosi. Lakini kuna tofauti kubwa kati ya beni na hao wa majoka, na sipendi kuipaka rangi. Beni ilikuwa ya anayetoa na anayepokea kuwa mtu mmoja: leo unachanga, kesho unazikwa. Hakuna mtu aliyekuwa mfadhili wala mwombaji. Kwenye mchezo wa mtandaoni anayetoa yuko nyumbani kwake na mtoto mgonjwa yuko hospitali asiyoijua, na hawatakutana. Kwa heshima ya mpokeaji, beni iko mbele sana.

Kwa nguvu ya pesa, beni iko nyuma. Mfuko wa maskini watupu unaweza kumzika mmoja, hauwezi kuzika kijiji. Njaa ya baada ya vita ilipowakumba wote kwa pamoja, nani angemchangia nani? Tarehe 15 Aprili 1952 kimbunga kilipoipiga pwani ya Lindi, aliyekuwa na mfuko na aliyekuwa na shida walikuwa wamepoteza paa siku moja. Aprili 2019 Kenneth alitupita pembeni akaenda kuivunja Cabo Delgado, na sisi tuliokuwa tumeambiwa tuhame tukarudi majumbani tukipumua. Hapo ndipo unapohitaji pesa inayotoka mbali, hata kama imetolewa kwa ajili ya mbilikimo.

Na Cabo Delgado ndiyo inayonifanya niandike haya sasa. Palma iliposhambuliwa Machi 2021 watu walikimbilia Ruvuma, kama babu zao walivyofanya wakati wa Mreno. Miaka ya sitini waliovuka walipokelewa, wakapewa makazi kama yale ya Rutamba kule Lindi. Safari hii shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa lililalamika kwamba maelfu walirudishwa kupitia mpaka ule ule. Serikali ilikuwa na hofu yake, na haikuwa hofu ya kubuni, maana Oktoba 2020 kijiji chetu cha Kitaya kilishambuliwa na watu wakauawa. Sitaki kujifanya sijui hilo. Lakini nikisoma jinsi Arinoti aliyetoka mbali alivyosalimia kwa saluti Lindi akapewa mkeka, najiuliza ni saluti gani aliyekuwa nayo mama wa Palma.

Vijana wachache wa hapa ninaofahamiana nao wameanza kuuchezea mchezo wa majoka kwa Kiswahili, kwa simu, usiku bando linapokuwa rahisi. Joka lao linaishi Msimbati na mganga wao ni Mmakonde. Wanataka kuufanya mbele ya watu na kuchangisha kwa simu, na bado wanabishana pesa iende wapi: mmoja anasema wodi ya watoto, mwingine anasema ng'ambo. Ushauri wangu kwao ulikuwa mmoja tu, wachague mweka hazina kabla ya kumchagua msimuliaji, na wawe timu mbili badala ya moja.

Beni yenyewe haijafa yote. Pwani ya Kenya jina hilo limebaki kwenye maharusi. Mganda unachezwa Mbinga na kando ya Ziwa Nyasa, mistari, kaptula nyeupe na vyeo vyote, na Malawi malipenga wana makapteni na madaktari wao. Ni huku kwetu, kati ya Lindi na Ruvuma, ndiko nisikoiona. Kwa hiyo ombi: kama Mikindani, Mtwara mjini, Sudi au Lindi kuna mzee kwenu ambaye baba yake au babu yake aliitwa Kingi, Jenerali, Daktari au Kapteni bila kuwahi kukanyaga jeshini wala hospitali, muulize alikuwa Marini au Arinoti, na daftari la mfuko alilitunza nani. Nitapanda daladala siku hiyo hiyo.